Dai la kutungua ndege likigoma kulingana na nyaraka: dalili, visababishi na la kufanya

Kwa anayehakiki mapigano ya angani ya Vita vya Pili vya Dunia, swali linalorudi kuliko yote ni hili: rubani kaandika kuwa ametungua ndege tatu, adui kaandika kuwa kapoteza moja, basi mwongo ni nani? Mara nyingi hayupo. Dai ni kile alichokiona rubani kwa sekunde chache huku akigeuza shingo kuchunga mkia wake. Hasara ni kile alichokihesabu karani jioni: ndege zilizoondoka, toa zilizorudi. Kuhakiki ni kuvikutanisha viwili hivyo bila kukilazimisha kimoja kiwe kingine.

Kosa la kwanza la wengi ni kuanza na rubani. Wanachukua jina kubwa, wanateremka na orodha ya ushindi wake, na kila dai wanalitafutia ndege ya adui mpaka ipatikane. Ukitafuta hivyo utapata tu, maana siku ya vita kali haikosi ndege iliyoanguka. Anza na siku. Orodhesha madai ya marubani wote wa siku hiyo upande huu, hasara zote upande ule, ndipo ugawe. Ndege moja iliyoanguka haiwezi kulipa madeni ya watu watatu.

Tengeneza majedwali mawili. La madai liwe na tarehe, saa kama ilivyoandikwa, saa ya GMT, mahali, kimo, aina ya ndege, jina la rubani, kikosi, na namba ya jalada ulikotoa habari. La hasara liwe na hayo hayo pamoja na namba ya ndege, kiwango cha uharibifu, sababu iliyoandikwa na hatima ya wafanyakazi wa ndege. Safu ya "saa kama ilivyoandikwa" usiifute hata ukishaibadilisha kuwa GMT. Utairudia.

Dalili ya 1: Madai ni mengi kuliko hasara

Hii ndiyo homa ya kila siku. Mfano unaojulikana sana ni tarehe 15 Septemba 1940, ambapo Uingereza ilitangaza ndege 185 za Kijerumani zimetunguliwa. Nyaraka za Wajerumani wenyewe zinaonyesha takriban 60.

Kisababishi cha kwanza, tena kwa mbali, ni ndege moja kudaiwa na zaidi ya mtu mmoja. Chukua mfano huu wa kubuni. Saa 0810 rubani wa kwanza anaifyatulia CR.42 ya Kiitaliano kwenye kimo cha mita 4,000. Inaanza kuzunguka kama pia kuelekea chini, naye anageuka kukwepa nyingine. Saa 0811 rubani wa pili, aliye mita 2,000, anaona CR.42 ikishuka mbele yake, anaifyatulia, inatoa moshi. Saa 0815 wa tatu, ambaye naye alipiga ndege fulani dakika chache kabla, anaona moto porini na kusema ile ni yangu. Wakitua, ofisa wa upelelezi anaandika ripoti tatu safi, kila moja na shahidi wa moto. Ndege ni moja.

Hakuna aliyedanganya hapo, na ndiyo maana kusoma ripoti moja pekee hakusaidii. Panga ripoti zote za mapambano hayo kwa dakika na kwa kimo. Madai mawili yakiwa ndani ya dakika mbili au tatu, vimo vinashuka kwa mpangilio na aina ya ndege ni ileile, yaweke kwenye kundi moja na uyahesabu kama dai la pamoja hadi upate ushahidi wa kuyatenganisha. Kadiri ndege zilivyokuwa nyingi katika anga moja ndivyo madai yanavyovimba. Dai la rubani aliyepambana peke yake na ndege moja huwa na nafasi kubwa zaidi ya kulingana.

Kisababishi cha pili ni ndege iliyoonekana imekufa kumbe haikufa. Rubani aliyebanwa hujitupa chini akizunguka makusudi, kisha anainyoosha ndege karibu na ardhi na kwenda zake. Moshi nao umewaponza wengi. Messerschmitt Bf 109 ya Kijerumani ikifunguliwa mafuta yote na kupiga mbizi hutoa moshi mweusi wa ekzosti bila kuguswa na risasi. Injini ya Merlin ya Hurricane na Spitfire za mwanzo, ndege za Waingereza, yenye kabureta, ilikohoa na kutoa moshi mweusi pua ilipoinamishwa ghafla, mafuta yakizidi. Kwa hiyo ripoti ikiishia "iliteremka ikitoa moshi", usiipe uzito sawa na iliyosema bawa lilikatika au rubani alitoka na mwavuli. Ushuhuda wa rubani kutoka na mwavuli ndio wa kutafuta kwanza.

Cha tatu ni ndege iliyopigwa kweli, ikarudi kwao na kutengenezwa. Hapa angalia viwango vya uharibifu, si neno "hasara". Wajerumani waliandika kwa asilimia: 60 kwenda juu kwa kawaida ndege ilifutwa, na 100 ni iliyopotea kabisa. Waingereza mwaka 1940 walitumia makundi 1, 2 na 3, la tatu likiwa la kufutwa. Kuanzia 1941 wakatumia herufi, na E ndiyo iliyokufa. Orodha iliyonakiliwa na mtu aliyeziacha ndege za asilimia 30 itakufanya umwone rubani mwongo. Iliyozihesabu zote itakufanya umwone shujaa. Tafuta orodha yenyewe, usitegemee muhtasari.

Mwisho ndipo ufikirie uongo wa makusudi. Upo. Ndani ya JG 27, kikosi cha ndege za kivita cha Kijerumani kule Afrika Kaskazini, Agosti 1942, kikundi kidogo cha marubani kiligundulika kikibuni madai. Lakini hiyo ni hukumu ya kutolewa baada ya kupitia siku nyingi mfululizo na kuona mtindo, si baada ya dai moja kukosa mwenzake.

Dalili ya 2: Siku ni ileile, mahali ni palepale, saa hazikutani

Kabla ya kufikiri kwamba ni mapambano mawili tofauti, kagua saa. Katika kiangazi cha 1940 Uingereza ilikuwa mbele ya GMT kwa saa moja, Ujerumani kwa saa mbili. Pigano la saa 1200 kwa Mwingereza ni 1300 kwa Mjerumani. Tarehe 4 Mei 1941 Waingereza wakasogeza tena, zikawa saa mbili mbele, na pengo likafutika. Tena baadhi ya madaftari ya vikosi vya RAF (jeshi la anga la Uingereza) yaliandikwa kwa GMT tupu. Namna rahisi ya kujua: tafuta tukio lenye saa inayojulikana, kwa mfano macheo, machweo au shambulio lililoandikwa na vituo kadhaa, ulilinganishe.

Kwa vita vya Afrika Mashariki kuna mtego ambao hata wazoefu wanaingia. Saa ya kisheria ya Kenya mwaka 1940 na 1941 haikuwa GMT+3 kama leo. Ilikuwa saa mbili na dakika 45 mbele ya GMT, na haikubadilika hadi mwisho wa Julai 1942. Upande wa Waitaliano, Ethiopia ilikuwa kwenye +3. Pigano la saa 0900 kwa saa ya Kenya ni 0615 GMT, na kwa saa ya Addis Ababa ni 0915. Robo saa ni ndogo kwa mwenye kungoja basi, lakini katika anga inatosha kugeuza dai moja kuwa mawili. Usichukulie tu kwamba kikosi kilifuata saa ya kisheria. Thibitisha kwa macheo.

Na kwa sisi tunaoandika Kiswahili: kwenye jedwali usiandike "saa mbili asubuhi". Andika 0800. Mwenzako mwingine atakuja kuisoma 0200, na hapo umezalisha doria ya usiku ambayo haikuwahi kuruka.

Saa zikigoma hata baada ya hapo, tazama kama saa iliyoandikwa ni ya kuondoka, ya mapambano au ya kutua. Fomu 541 katika daftari la skwadroni ya RAF huonyesha saa ya kuruka na kutua. Saa ya mapambano imo kwenye ripoti ya rubani yenyewe. Mpishano wa dakika 40 mara nyingi ni huo tu.

Dalili ya 3: Mahali palipotajwa hapaonekani kwenye ramani

Tahajia kwanza. Kismayu ya Waingereza ni Chisimaio ya Waitaliano. Mto Juba ni Giuba, Dire Dawa ni Diredaua, Yavello ni Iavello. Tafuta kwa sauti, si kwa herufi. Pili, rubani hutaja mji anaoujua, si uliopo chini yake. "Karibu na Afmadu" yaweza kuwa kilomita 30 za vichaka kutoka Afmadu. Tatu ndiyo miraba ya ramani: kila jeshi lilikuwa na gridi yake na gridi zilibadilishwa, kwa hiyo tumia ufunguo wa mwaka uleule. Ukikosa ufunguo, acha mahali wazi. Usikisie.

Dalili ya 4: Aina ya ndege iliyodaiwa haikuwepo siku hiyo

Kosa la jicho, karibu kila mara. Marubani wa RAF mwaka 1940 walidai kutungua "He 113", ndege ambayo haikuwahi kuingia vitani kabisa. Ilikuwa propaganda iliyojengwa juu ya picha za He 100. Walichokipiga ni Bf 109. Wajerumani nao walizigeuza Hurricane kuwa Spitfire, maana kupigwa na Spitfire hakuumi sana moyoni. Huku kwetu, CR.32 na CR.42 zote ni ndege za mabawa mawili za kiwanda kimoja, na kuzitofautisha kutoka nyuma kwa mwendo ule si kazi ya mchezo.

Kwa hiyo tafuta kwa umbo: injini moja au mbili, bawa moja au mawili, magurudumu yanayofichwa au yasiyofichwa. Ruhusu kosa ndani ya umbo moja. Ukilazimika kugeuza ndege ya injini moja kuwa ya injini tatu ili dai liingie, ujue unalisukuma.

Dalili ya 5: Kila kitu kimelingana vizuri mno

Hii ndiyo inayotisha kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayeikagua. Dai liko, hasara iko, tarehe moja, unafunga jalada. Kumbe ndege ilianguka kwa sababu nyingine.

Mario Visintini, rubani wa Kiitaliano wa skwadroni ya 412 mwenye ushindi 16 au 17 kutegemea nani anahesabu, alikufa Eritrea tarehe 11 Februari 1941. Mtu aliyeshika tarehe na aina ya ndege tu, CR.42 iliyopotea, atatafuta Hurricane ya kuipa. Ukweli ni kwamba aligonga Mlima Bizen, karibu na Nefasit, hali ya hewa ikiwa mbaya. Upande mwingine, Hurricane ya John Frost wa Skwadroni ya 3 ya Afrika Kusini iliishia Dire Dawa tarehe 15 Machi 1941. Hiyo nayo haikutunguliwa na rubani: ilipigwa kutoka ardhini wakati wa kushambulia uwanja, akatua, na mwenzake Bob Kershaw akatua kumchukua.

Sababu za kukagua, kwa utaratibu wa jinsi zinavyotokea: ajali na hali ya hewa, mizinga ya kutungulia ndege, mafuta kuisha, wapiga bunduki wa ndege za mabomu, kupigwa na wenzao, kuharibiwa ardhini. Kwa ndege za RAF tafuta kadi ya ajali, Fomu 1180, na majalada ya AIR 81, yaliyoko hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Uingereza huko Kew, London, kwa waliokufa, kujeruhiwa au kupotea. Kwa Wajerumani, safu ya sababu katika orodha za mkuu wa ugavi hutofautisha mapambano na ajali, ingawa "sababu haijulikani" ni nyingi.

Wapiga bunduki wana ukurasa wao. Tarehe 17 Agosti 1943, katika shambulio la miji ya Ujerumani ya Schweinfurt na Regensburg, wapiga bunduki wa ndege za Marekani walidai ndege 288. Wajerumani walipoteza chini ya 30. Kila bunduki iliyoelekea ndege inayoanguka ilijihesabia. Pigano lenye ndege za mabomu na ndege za kusindikiza lina madaftari mawili ya madai. Ukisoma moja tu, gawio lako limekosea tangu mwanzo.

Dalili ya 6: Upande wa pili kimya kabisa

Kukosa hati si sawa na kukosa hasara. Iandike tofauti kwenye jedwali: "hakuna hasara" ni jibu, "hakuna hati" si jibu.

Kagua wepesi kwanza. Je, umetafuta kikosi sahihi? Pengine aliyepigana naye si yule aliyemtaja. Umeangalia siku ya kabla na ya baada? Ndege iliyopotea jioni mara nyingi iliripotiwa kesho yake, na ya kikosi kilichotengwa iliripotiwa wiki zikipita. Kisha angalia jalada lenyewe: kurasa zina namba mfululizo? Siku nyingine za wiki ileile zina hasara? Kama mwezi mzima ni mweupe huku vita vinawaka, hilo ni pengo la karatasi.

Mapengo mengine yanajulikana. Orodha za hasara za Ujerumani zilizoko hifadhi ya nyaraka za kijeshi ya Freiburg zinasomeka vizuri hadi mwisho wa 1943. Kuanzia 1944 zimetobokatoboka. Rekodi za RAF za Ugiriki, Aprili 1941, zilipotea wakati wa kuondoka, ndiyo maana hesabu ya ushindi ya rubani wa RAF Marmaduke Pattle, aliyekufa tarehe 20 Aprili juu ya ghuba ya Eleusis, inatajwa kuanzia 40 hivi hadi kuvuka 50. Waitaliano wa Afrika Mashariki walikatiwa njia ya kwenda kwao tangu Juni 1940 na wengi wakaishia kutekwa. Katika ofisi ya historia ya jeshi la anga Roma usitarajie shajara za vikosi hivyo zisizo na pengo.

Pengo likithibitika, ingia kwa mlango wa nyuma. Taarifa za jioni za idadi ya ndege zinazofaa kuruka husaidia sana: kikosi kikiwa na tisa Jumatatu na sita Jumanne bila kupokea wala kutoa ndege, tatu zimekwenda mahali, iwe angani au gereji. Mahojiano ya mateka yako kwenye AIR 40 huko Kew. Simu za fumbo za Wajerumani zilizosomwa na Waingereza ziko kwenye HW 5 na DEFE 3, nazo huziba sehemu ya tundu la 1944. Kwa Wamarekani, ripoti za wafanyakazi wa ndege waliopotea, zilizoanza 1943, zina hadi namba za injini na za bunduki. Chuma kikifukuliwa, namba hiyo inamaliza ubishi. Orodha za makaburi za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola zinakupa tarehe ya kifo. Ya Afrika Kusini tafuta kituo cha nyaraka cha jeshi kilichoko Pretoria.

Huko Kew, agiza kwa mpangilio huu: AIR 27 kwa daftari la skwadroni, AIR 50 kwa ripoti za mapambano, halafu AIR 81. AIR 50 haikukamilika, kwa hiyo kukosa ripoti ya rubani wako humo si dalili ya chochote.

Dalili ya 7: Rubani mmoja, jumla tatu tofauti

Mfumo wa kuhesabu haukuwa mmoja. Ujerumani: ndege moja, rubani mmoja, hakuna kugawana. Marekani na Uingereza katika vita vya pili waligawa nusu na theluthi. Ufaransa ilimpa kila mshiriki ushindi mzima. Katika vita vya kwanza Waingereza walihesabu hata ndege iliyoonekana "imeshindwa kudhibitiwa". Kuanzia Agosti 1940 RAF ikawa na ngazi tatu: imeangamizwa, huenda imeangamizwa, imeharibiwa, mwandishi wa magazeti akajumlisha zote tatu. Rejea kwenye ngazi iliyoandikwa, na usilinganishe marubani wa nchi mbili kwa namba tupu.

Matokeo yako yape madaraja manne tu: imethibitika (namba ya ndege inajulikana na hakuna mdai mwingine), inaelekea, inawezekana, haikulingana. "Hakuna hati" ikae pembeni.

Simama hapa, ita mwenye ujuzi

Ukifikishwa penye mabaki ya ndege, usiguse wala usichimbe. Risasi na mabomu ya 1940 bado yanalipuka, na kaskazini mwa Kenya na ndani ya Somalia kuna silaha za vita vya baadaye juu yake. Toa taarifa polisi. Yakiwepo mabaki ya binadamu, ondoka na uache kama ulivyokuta. Uingereza, sheria ya 1986 inalinda mabaki yote ya ndege za kijeshi, na kuchimba bila leseni ya Wizara ya Ulinzi ni kosa.

Hati ya Kijerumani iliyoandikwa kwa mkono wa zamani usiitafsiri kwa programu ya simu. Tafuta msomaji wa hati hizo, maana herufi moja hugeuza namba ya kikosi. Ukurasa wenye ukungu au ulioshikana mrudishie mhifadhi akiwa mezani pake, usijaribu kuubandua kwa kucha.

Ukitaka kumwita mtu mtungaji wa madai, mpe kwanza jedwali zima mtafiti mwingine asiyejua jina la rubani, agawe mwenyewe. Na logibuku (daftari la safari za rubani) ya familia isitiwe plastiki wala gundi. Ipige picha ukurasa kwa ukurasa kwa mwanga wa dirishani, kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, pamoja na kurasa tupu, kisha mrudishie mwenyewe siku hiyohiyo.